Mbwa na Duma Banda Moja: Maswali Ninayoulizwa Hapa Tabora

Nimefanya kazi ya ubwana mifugo zaidi ya miaka 30, kwanza kwa baiskeli kisha kwa pikipiki, kutoka Uyui mpaka Sikonge. Nimestaafu, lakini kustaafu kwa bwana mifugo ni jina tu. Zamani niliamshwa usiku kwa sababu ng'ombe wa mtu amekwama kuzaa. Siku hizi naamshwa na video: simba anamlamba mbuzi, nyani amembeba mtoto wa paka, na chini yake mtu ameandika, "Mzee, hii ni kweli?" Wengine ni wazazi waliowapeleka watoto kwenye bustani ya wanyama ya hapa mjini, wakaulizwa mbona simba na swala hawakai pamoja kama kwenye simu. Kujibu mmoja mmoja kumenichosha. Someni hapa, na atakayebaki na swali tukutane kijiweni.

Ni kweli zipo bustani zinazowaweka pamoja wanyama wasioendana ili kuvuta watu?

Zipo, na mchezo wenyewe ni wa zamani. Katika karne ya 19 Mmarekani P. T. Barnum alikuwa na jumba la maonyesho New York, na humo kizimba kimoja alikiita Familia yenye Furaha. Walao na waliwao walikaa humo pamoja, na watu walitoa hela zao kuja kumwona paka asiyemgusa panya. Hata yeye hakulibuni jambo hilo. London kulikuwa na watu waliotembeza vizimba kama hivyo barabarani na kukinga kofia.

Mtaani kwetu hiyo inaitwa kiki. Ila tusiwatie wote kapu moja. Kuna bustani inayomtafutia mnyama mwenzake kwa sababu mnyama anamhitaji, na wageni wakija ni heri. Kuna nyingine inayoanza na mgeni na simu yake, ndipo inatafuta mnyama wa kupiga naye picha. Kwa macho ya mtu aliyekata tiketi, zote mbili zinafanana.

Mbwa na duma wanapatanaje? Mbwa si adui wa paka?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na ndilo lenye majibu mazuri kuliko yote.

Duma ni mwoga. Msimcheke, woga wake ndio uliomfikisha hapa. Mwili wake umejengwa kwa mbio, hauna nguvu za kupigana na simba wala fisi, kwa hiyo akiona jambo asilolielewa anakimbia kwanza, mengine baadaye. Sasa mchukue huyo umweke mahali penye watoto wanaopiga kelele, toroli linalogonga mawe na gari la takataka. Hofu yake haina pa kukimbilia. Duma mwenye hofu halali vizuri, na kumpata azae ni kazi.

Mbwa aliyelelewa na watu husikia toroli, huinua kichwa, huona ni upuuzi, hulala tena. Duma aliyekua naye humtazama usoni kabla ya kuamua kama akimbie. Mwenzake akitulia, naye anatulia. Ndiyo siri yote. Bustani ya San Diego, Marekani, ilianza hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1980 na duma mmoja aliyeitwa Arusha (ndiyo, kama Arusha yetu) pamoja na mbwa jike aliyeitwa Anna. Bustani nyingine za Marekani zikafuata.

Mara nyingi duma mwenyewe ni mtoto aliyekosa mama. Duma jike akizaa mtoto mmoja tu, maziwa yake hayachochewi vya kutosha na mara nyingi humwacha. Mtoto huyo akilelewa na watu peke yake anakua hajui kucheza wala kung'ata kwa kiasi. Mtoto wa mbwa wa umri wake anamfundisha hayo kwa sababu akiumizwa analia, au anarudisha.

Yale ambayo hayaonyeshwi kwenye picha ni haya: wanakula mbalimbali. Mbwa anakilinda chakula, duma anakilinda cha kwake, na urafiki wote huishia kwenye bakuli. Tena anayetawala pale ni mbwa. Na duma akikomaa anaanza kutaka upweke wake, hasa jike, maana porini jike mzima huishi peke yake na watoto wake tu. Bustani yenye akili inampa nafasi hiyo. Isiyo na akili inaendelea kumtoa kila saa nne asubuhi kwa sababu tangazo limeshabandikwa.

Kuna jambo jingine linanifurahisha. Kule Namibia, tangu mwaka 1994, shirika moja la kuhifadhi duma limekuwa likiwapa wafugaji mbwa wakubwa wa asili ya Uturuki. Mbwa hao huingizwa zizini wakiwa wadogo, wakakua wakidhani mbuzi ni ndugu zao. Duma akija, mbwa anabweka na kusimama mbele ya mbuzi, duma anaondoka, mfugaji hana sababu ya kumpiga risasi. Kwa hiyo mbwa anamsaidia duma huku na huku: kule kwa kulala naye, huku kwa kumfukuza.

Yule chui milia na mbuzi wa Urusi, walikuwa marafiki kweli?

Mwezi Novemba 2015, kwenye bustani moja mashariki kabisa mwa Urusi, upande wa Vladivostok, chui milia aliyeitwa Amur alipelekewa mbuzi hai ili amle. Ndivyo walivyokuwa wakimlisha, akizoea kupewa mawindo hai. Huyu mbuzi, aliyekuja kuitwa Timur, hakukimbia. Aliingia pale kama ameingia kwa shemeji yake, akachukua hata mahali pa kulala pa mwenye nyumba. Chui hakumla. Wakawa wanatembea pamoja, dunia nzima ikawa inawafuatilia.

Nawaambia alichokiona bwana mifugo. Kwa mnyama anayewinda, njaa ni kitu kimoja na kuwinda ni kitu kingine. Kinachowasha kuwinda ni mgongo unaokimbia. Mtazameni paka wenu: panya akisimama, naye husimama. Timur hakuonyesha mgongo. Pili, Amur aliendelea kulishwa chakula kingine, kwa hiyo aliyekuwa akimtazama mbuzi yule ni chui aliyeshiba. Huo ndio urafiki wenyewe, shibe na mbuzi asiyejua kuogopa.

Mwezi Januari 2016 mbuzi alizidi kumchokoza, akamsukuma na kumkanyaga, mpaka chui akamkamata shingoni akamtupa chini ya mteremko. Hakumla, lakini alimwumiza. Wakatenganishwa. Mbuzi alitibiwa, akaishi, akafa Novemba 2019. Watu walimlilia mtandaoni. Mimi nawakumbuka zaidi mbuzi waliomtangulia kwenye banda lile, ambao walikimbia.

Na kiboko na kobe wa Mombasa?

Ile ni kweli na inajulikana vizuri. Desemba 2004, baada ya tsunami, ndama wa kiboko alikutwa peke yake baharini karibu na Malindi. Alikamatwa kwa shida, akapelekwa Haller Park, Mombasa, akaitwa Owen. Mle ndani alikuwepo kobe mkubwa wa asili ya visiwa vya Aldabra, aliyekadiriwa kuwa na umri wa miaka 130 hivi, jina lake Mzee. Kiboko mchanga akiogopa hujificha nyuma ya mama yake. Owen akatafuta kitu kikubwa, cha kijivu, cha mviringo, akakipata.

Mzee mwanzoni hakumtaka, alikuwa anaondoka. Baadaye akazoea. Hakuna aliyepanga jambo hilo, ingawa likaleta wageni na vitabu. Ninalowasifia wenzetu wa Mombasa ni kwamba hawakuling'ang'ania. Owen alipokuwa mkubwa kiasi cha kuweza kumvunja gamba yule babu kwa kucheza tu, walimhamishia kwa kiboko jike aitwaye Cleo. Picha ikapotea, kiboko akapata kiboko.

Mwalimu wa dini alituhubiria kuhusu simba jike aliyemlea mtoto wa choroa. Ilitokea?

Ilitokea Samburu, Kenya, mwanzoni mwa 2002. Simba jike aliyepewa jina la Kamunyak alikaa na ndama wa choroa kama wiki mbili, akimlinda. Mahubiri mengi huishia hapo. Simba hakuwa akiwinda kwa kuogopa kumwacha, ndama hakuwa akinyonya vya kutosha, na wote wawili wakakonda. Kisha simba dume akamla ndama.

Mbona Gombe sokwe na nyani wanaishi pamoja bila uzio?

Hili limetoka kwa binti mmoja wa Kigoma anayesoma hapa chuoni, na nimelipenda, kwa sababu tunakwenda kutafuta maajabu Marekani wakati yako safari ya treni kutoka hapa, kisha mashua.

Gombe sokwe mtu na nyani wanagombania matunda yale yale, wanapita njia zile zile. Watoto wao hucheza pamoja kweli: wanakimbizana, wanavutana mikia, yaani sokwe anavuta, maana yeye wa kuvutwa hana. Na sokwe haohao, dume mzima akipata nafasi, humkamata mtoto wa nyani akamla. Mbega wekundu ndio huwindwa zaidi. Kwa hiyo unaweza kumwona sokwe mdogo akicheza leo na mnyama ambaye wajomba zake wanaweza kumla kesho. Msituni hayo mawili hayapingani.

Kuna funzo la kazi hapo. Jane Goodall alifika Gombe Julai 1960, na baadaye ili awaone sokwe kwa karibu, kambi ikawa inawapa ndizi. Sokwe wakajaa, nyani wakajaa, na ugomvi ukajaa pia. Wanyama waliokuwa wakipishana kwa adabu msituni walipigana kwenye lundo la ndizi. Ikabidi ndizi zipunguzwe. Mtu yeyote anayetaka kuweka wanyama wawili banda moja angeanza kusoma hapo kabla ya kuagiza mbao.

Na kwa kuwa tumefika Kigoma, tusiondoke bila kutazama majini. Ziwa Tanganyika lina samaki wa jamii ya ngogo, mwenye sharubu na madoa meusi, ambaye huchanganya mayai yake na ya samaki wengine wanaoatamia mayai mdomoni. Mama wa watu anayaokota yote bila kuhesabu. Vifaranga wa ngogo huanguliwa mapema, na humo humo mdomoni huwala watoto wa mwenye mdomo. Siku nyingine mkiona video ya malezi ya ajabu yenye muziki laini, mkumbukeni huyu.

Wakilelewa pamoja tangu utotoni, asili si inafutika? Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Methali hiyo ilitungwa kwa watoto wa watu.

Nani kati yetu hajawahi kumpa kuku mayai ya bata au ya kanga? Kuku anatamia, anaangua, anawaita kwa sauti ileile, nao wanamfuata. Mchunguzi Konrad Lorenz, aliyeshiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1973, alionyesha kwamba kifaranga wa bata bukini humfuata wa kwanza anayemwona akitembea, hata akiwa ni mzee mwenye ndevu. Yeye mwenyewe alifuatwa hivyo. Basi kumfuata mama wa kuazima ni rahisi. Lakini mvua ya kwanza ikinyesha, dimbwi likijaa, bata wale wanaingia majini, na kuku anabaki ukingoni anapiga kelele kama mtu aliyeibiwa.

Malezi yanaamua nani ataitwa ndugu. Hayaamui meno, wala ukubwa, wala kitakachotokea siku damu ya utu uzima itakapopanda. Wengi wa wanyama tunaowaona wamekumbatiana kwenye picha wana umri wa miezi. Ulizeni wako wapi sasa.

Ile picha ya chui milia anayenyonyesha watoto wa nguruwe waliovishwa ngozi ya chui?

Picha ni ya kweli, hadithi ni ya uongo. Ilizunguka kwenye barua pepe ikidai kwamba bustani moja ya California ilikuwa na chui milia aliyefiwa na watoto akawa anaugua kwa majonzi, wakamletea nguruwe ili apone. Ukweli ni kwamba ilipigwa kwenye bustani ya Sriracha, Thailand, ambako kubadilishana watoto kati ya nguruwe na chui milia ilikuwa sehemu ya maonyesho. Hakukuwa na majonzi. Palikuwa na fundi cherehani.

Hakuna hatari ya magonjwa?

Ipo, na ndiyo ingekuwa ya kwanza kuulizwa kama watu wangekuwa na akili za ng'ombe.

Mfugaji yeyote wa kaskazini anajua kwamba nyumbu wakizaa, ng'ombe huhamishwa. Ndama wa nyumbu hutoa kirusi ambacho chenyewe hakimdhuru nyumbu, lakini ng'ombe akikipata anavimba macho, anatokwa na kamasi nzito, na mara nyingi anakufa. Mwaka 2010 kwenye bustani ya Wuppertal, Ujerumani, dubu mweupe aitwaye Jerka alikufa kwa ugonjwa wa ubongo, na kirusi kilichokutwa kilikuwa na asili ya pundamilia. Hawakuwa hata banda moja! Na kwenye ile Sriracha niliyoitaja, mwaka 2004 mafua ya ndege yaliingia kwa njia ya kuku wabichi waliolishwa chui milia, na zaidi ya chui 100 wakafa au wakauawa kuzuia maambukizi.

Kwa mnyama asiyeendana na mwenzake, kirusi cha jirani ni kigeni. Mwili wake haujawahi kukiona.

Wanaweza kuzaana?

Walio mbali, hapana. Walio karibu, ndiyo, na hapo ndipo kiki inapogeuka aibu. Bustani ya Chester, Uingereza, iliwaweka pamoja tembo dume wa Afrika na tembo jike wa Asia. Julai 1978 akazaliwa Motty, mtoto wa aina mbili, akaishi siku 10. Simba na chui milia nao huzaa, na kuna watu wanaowazalisha kwa makusudi ili wauze tiketi za kuona paka mkubwa kuliko baba yake. Porini mtoto huyo hana mahali pake.

Kwa hiyo wewe unapinga kabisa kuchanganya wanyama?

Sipingi. Mchanganyiko mzuri upo, ila mara nyingi haushangazi mtu, ndiyo maana hautumiwi kwenye simu. Twiga, pundamilia na mbuni kwenye uwanja mmoja mpana, mbona ndivyo walivyo Serengeti? Bustani ya Bronx, New York, imewaweka nyani wa milima ya Ethiopia pamoja na mbuzimwitu wa milimani na pimbi. Pairi Daiza, Ubelgiji, iliwapa orangutani wake fisimaji kama majirani wa mtoni, na picha zao zilienea dunia nzima mwaka 2020. Orangutani ni mnyama mwenye akili nyingi na muda mwingi, akichoka anaharibika. Fisimaji akitokea ghafla kutoka majini, siku yake inakuwa na jambo.

Kuna hata walao nyama niliowakubali. Mwaka 2001, katika msako wa dawa za kulevya Atlanta, Marekani, polisi waliwakuta dubu, simba na chui milia wakiwa wadogo, wamefungiwa chini ya nyumba, wana majeraha. Kwenye makao yaliyowapokea, kuwatenganisha kuliwavuruga, basi wakaachwa pamoja maisha yao yote. Hakuna aliyewaunganisha kwa tangazo. Taabu ndiyo iliyowaunganisha.

Nikipelekwa kukagua banda la namna hiyo sitazami wanyama kwanza. Natazama milango. Mdogo ana tundu la kupita ambalo mkubwa haingii? Usiku kila mmoja ana chumba chake? Vyombo vya chakula viko vingapi, na vimepishana kiasi gani? Walianza kwa kunusana kupitia wavu, siku ngapi, kabla ya kufunguliwa? Mtunzaji akijibu hayo bila kutazama juu, nakaa kimya.

Ipo na njia ya kudanganya macho bila kumtesa mtu. Carl Hagenbeck alipofungua bustani yake Hamburg mwaka 1907, aliwapanga wanyama kwa ngazi: wala majani mbele, simba nyuma yao, wote wakionekana kama wako uwanja mmoja. Katikati kulikuwa na mtaro mpana ambao mgeni hauoni. Swala anautambua. Naona ni uongo wa kistaarabu.

Nitajuaje video ni ya kupangwa?

Tazameni masikio na mkia, msitazame maandishi. Mnyama aliyelaza masikio, aliyekunja mkia, anayepiga miayo wakati hana usingizi au anayejilamba pua kila mara, anaogopa. Kwenye video nyingi "mtoto wa mbwa anacheza na chatu", mbwa anatafuta mlango. Jiulizeni pia kamera ilifikaje pale kabla ya tukio, na kwa nini ilikuwa imeshatulia. Siku hizi kuna za kutengenezwa na kompyuta, ambazo hazina mnyama kabisa. Hizo angalau hazijamwumiza yeyote. Hesabuni miguu.

Bustani yetu ya Tabora nayo si ingefanya hivyo ipate wageni?

Kijana mmoja wa bodaboda alinipigia hesabu nzima: simba mmoja, mbwa mmoja, kiingilio mara mbili, na yeye apewe kazi ya kuleta abiria. Nilimwuliza mbwa atakuwa wa nani. Akasema, "Wa kwako, mzee."

Tabora haikosi wawili wasioendana. Sisi ni watu wa miombo na asali. Kuna mlembe, ndege mdogo anayemwita mtu kwa kelele, akamtangulia mti hadi mti mpaka kwenye nyuki. Mtu anafukiza moshi na kutoa asali, ndege anakula nta. Hakufugwa na yeyote, hakufundishwa na yeyote, na mrina asali wa Sikonge anaweza kuwasimulia nusu siku. Mimi ningelipa kiingilio kumsikiliza huyo akiwa na mzinga mbele yake, watoto wamekaa chini. Na jirani yake ningeweka kuku mwenye vifaranga wa bata, na beseni la maji.

Nina mtoto wa tumbili nyumbani, mbwa wangu anamlea vizuri sana. Niwaonyeshe watu?

Mama, usionyeshe mtu. Kwanza, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 hairuhusu umfuge bila kibali, hata kama ulimwokota barabarani kwa huruma. Pili, tumbili huyo akifika utu uzima atakuwa na meno marefu na makali, na nimeshawashona watoto wawili wa mtaa mmoja kabla ya kuwakimbiza hospitali. Mbwa hatamlinda mtu siku hiyo. Mweke kwenye boksi lenye matundu, utandike nguo yenye harufu ya mbwa ili asihangaike njiani, usimfunge kamba shingoni, umpeleke ofisi ya wanyamapori asubuhi kabla jua halijawa kali. Mbwa mwache nyumbani. Atalia siku mbili tatu, mpe mfupa.